Paa Moja, Kompyuta Tatu, Salamu Hakuna

Nyumbani kwangu salamu ni lazima. Mtoto akirudi shule akapita bila shikamoo anarudishwa mlangoni aanze upya. Muuza mkaa anasalimiwa, fundi bomba anasalimiwa, hata yule jirani aliyeazima ngazi yangu tangu kabla ya Ramadhani anasalimiwa na kuulizwa kama ngazi haijambo. Wasiosalimiana humu ndani ni kompyuta peke yao.

Ziko tatu. Yangu ni laptopu ya Windows. Ya mke wangu ni Mac, aliuziwa na mtu aliyekuwa anahama nchi, na tangu siku hiyo ni marufuku kuweka kikombe cha chai kwenye meza ilipo. Ya tatu ni ya mezani, inakaa koridoni, ya zamani kiasi kwamba ulikuwa ukiiwasha unaenda kuoga, ukirudi bado inajifikiria. Kijana wangu akaifuta yote, akaiwekea Linux, ikafufuka. Kwa kuwa ndiyo yenye diski kubwa, mambo yote ya ukoo yamerundikwa mle: vyeti vilivyoskaniwa, picha za tangu enzi za kamera za mkanda, kwaya ya mama mdogo, na video ya sendofu ya shemeji yangu. Hiyo video ni faili moja tu la GB 11, maana mpiga picha alilipwa kwa saa na hakutaka tupunjike.

Mama mkwe alishatangaza kwamba Jumamosi anakuja kuiangalia. Runinga inapokea waya wa HDMI kutoka kwenye laptopu yangu. Kompyuta ya koridoni ina tundu la VGA, la zama hizo, ambalo runinga hailijui. Kwa hiyo kazi ilikuwa moja: faili litoke koridoni lifike sebuleni. Hapo katikati kuna ukuta mmoja na kapeti. Nikasema hii naimaliza kabla ya taarifa ya habari.

Kuna watu watasema, si utume WhatsApp. Nawaheshimu watu hao. WhatsApp tangu 2022 inabeba faili hadi GB 2, ambazo kwa video yetu zinatosha shemeji kuingia ukumbini na wapambe wake. Chakula hata hakijafunuliwa. Na hata kama lingeenea lote, tazama safari yenyewe: faili litoke koridoni kwangu Tabata, lipande hewani, lifike kwenye kompyuta za watu ng'ambo, lirudi, lishuke sebuleni. Kupandisha nalipia bando mimi, kushusha nalipia bando mimi.

Basi nikafungua sehemu ya mtandao kwenye Windows. Nyeupe. Hakuna mtu. Laptopu ilikuwa na hakika kwamba iko peke yake duniani, huku naisikia feni ya kompyuta ya mezani ikivuma nyuma ya ukuta. Nikamwita kijana.

“Baba,” akasema baada ya kutazama kidogo, “hii inadhani uko stendi.”

Kumbe laptopu ikiingia kwenye waifai mpya, inauhesabu huo kuwa mtandao wa umma mpaka iambiwe vinginevyo, na ikiwa mbele ya umma inajificha. Haonekani mtu, haitafuti mtu. Ni tabia nzuri kwa hoteli na viwanja vya ndege, sina ugomvi. Lakini mimi ni mwenye nyumba. Nanunua umeme, nalipa ada ya takataka, mapazia kachagua mama mkwe mwenyewe, halafu chombo nilichokinunua kwa jasho langu kinaitazama sebule yangu na kuona Mbezi kwenye mabasi.

Tukabadilisha, ukawa mtandao binafsi. Orodha ikabaki nyeupe. Kijana akaeleza kwamba ile orodha ya zamani ya majirani ilitegemea toleo la kwanza la SMB, ambayo ndiyo lugha ya Windows ya kugawana mafaili. Toleo lile limeondolewa, na orodha imeondoka nalo. Siku hizi ukimjua mtu unamfuata kwa anwani yake.

Anwani ilikuwa 192.168.1.7. Mke wangu, aliyekuwa chumbani na Mac yake akitaka kumtumia dada yake kipande cha keki (cha video, keki yenyewe ililiwa), akaomba asomewe na yeye. Hapo ndipo nilipogundua kwamba walimwengu hawajakubaliana hata mstari ulalie upande gani. Windows inataka mishazari miwili inayolalia nyuma, kisha anwani. Mac na Linux wanataka smb, nukta mbili, kisha mishazari miwili inayolalia mbele. Sasa yasome hayo kwa sauti kupitia ukuta.

“Mshazari!”

“Upi?”

“Unaolalia nyuma!”

“Nyuma ya nani?”

“Wewe siyo! Wewe ni wa mbele! Wa nyuma ni wangu!”

“Baba watoto, kama umechoka kapumzike.”

Kwenye orodha ya Mac hakuonekana mtu, na kosa halikuwa la mshazari. Mdogo wangu alipokuwa akikaa chumba cha nyuma alilalamika kwamba waifai haimfikii, akaja na ruta yake akaichomeka kwenye ya kwetu. Yeye alishahama, ruta ikabaki, na imekuwa ikigawa anwani zake yenyewe zinazoanza na 192.168.0, wakati sebuleni tunaanza na 192.168.1. Kwa macho ni tofauti ya sifuri na moja. Kwa kompyuta ni wilaya mbili. Walio nyuma ya ruta ya mdogo wangu wanaweza kutoka nje kwa kupapasa, ila hawatuoni kwenye orodha, na sisi hatuwezi kuingia kwao kabisa. Kumbe miaka yote hii mimi na mke wangu tunalala kitanda kimoja, simu zetu ziko mitandao tofauti. Kijana akaibadilisha ile ruta ipitishe tu, isigawe anwani, na wilaya zikaunganishwa bila sherehe.

Anwani ikakubali. Nikatabasamu. Windows ikaandika kwamba siwezi kufungua folda hiyo kwa sababu sera za usalama za shirika langu zinazuia wageni wasiotambuliwa.

Shirika langu! Nikasoma tena. Shirika gani? Humu ndani mwenyekiti ni mke wangu, mweka hazina ni mke wangu, mimi ni mjumbe mwalikwa. Hatujawahi kukaa kikao cha sera. Na mgeni ni nani? Ni mimi, nabisha hodi kwenye kompyuta niliyoinunua, nikitumia kompyuta niliyoinunua, kwa umeme ambao tokeni zake bado ziko kwenye simu yangu.

Kijana alikuwa ameiacha folda wazi, aingie yeyote bila paswedi, kwa nia njema ya kunirahisishia. Windows za siku hizi, hasa zile za maofisini na matoleo mapya ya Windows 11, hazitaki kabisa huo mlango wa mgeni. Nikauliza kwa ukali ni nani aliyekaa akaamua hivyo. Nilitaka jina. Nilikuwa tayari kumwandikia.

Badala ya jina nikapewa historia. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilianza kuzunguka dunia. Hakikuhitaji mtu afungue barua pepe ya ajabu. Kilipita kwenye tundu la lile toleo la kwanza la SMB, kikihama chenyewe kompyuta hadi kompyuta, kikifunga mafaili na kudai dola 300 kwa bitcoin ili yafunguliwe. Uingereza hospitali zilisimamisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo, lakini wengi hawakuwa wamekiweka. Kilichokivunja kasi ni kijana wa Kiingereza, Marcus Hutchins, aliyekuta ndani ya kirusi jina la tovuti lisilo na mwenyewe, akalisajili, na kirusi kikawa kila kikiiona tovuti ipo kinaacha kazi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka ule Windows mpya zikaja bila toleo la kwanza, na milango ya wageni ikaanza kukomewa mmoja baada ya mwingine.

Sasa nimkasirikie nani? Hilo ndilo linalonichoma. Mtu ukiudhiwa unataka mbaya wako awe na sura. Hapa kila ninayemnyooshea kidole ana sababu, tena sababu nzuri kuliko yangu. Wagonjwa wamekosa madaktari, mimi nataka kuangalia sendofu. Nikanywa maji.

Tukaenda kwa njia ya paswedi. Kijana akanipa jina lake na paswedi anayofungulia kompyuta ya mezani. Imekataliwa. Akaandika mwenyewe, polepole. Imekataliwa. Kwenye Linux kazi ya kuzungumza na Windows inafanywa na programu iitwayo Samba, na Samba ina daftari lake la paswedi, halihusiani na lile la kuwashia kompyuta. Jina moja, mtu mmoja, mashine moja, paswedi mbili. Ukiisajili upande mmoja, upande wa pili hauna habari.

Nilikuwa naanza kumchukia huyo Samba mpaka nilipojua alivyozaliwa. Mwishoni mwa 1991 mwanafunzi wa uzamivu huko Canberra, Australia, Andrew Tridgell, alitaka kompyuta yake ndogo ya DOS izungumze na kompyuta kubwa ya Sun ya chuoni. Hakuwa na kitabu cha lugha ile. Akategesha programu ya kusikiliza yanayopita kwenye waya: huyu kasema nini, yule kajibu nini. Mwenyewe hueleza kwamba ni sawa na mtu anayetaka Kifaransa akiwa hana kitabu wala mwalimu, anakwenda kukaa mgahawani, anasikia mteja katamka kitu na kaletewa mkate, basi anaandika: hilo ni neno la mkate. Januari 1992 akatoa toleo la kwanza, bure. Maelezo rasmi ya lugha hiyo wenzake na yeye walikuja kuyapata Desemba 2007, baada ya kesi ndefu ya Umoja wa Ulaya dhidi ya wenye Windows, na yalilipiwa euro 10,000. Yaani karibu miaka kumi na sita watu walikuwa wanaongea lugha waliyoidukiza mezani kwa wengine. Mtu wa namna hiyo huwezi kumtukana kwa sababu ya daftari la ziada.

Paswedi ya pili ikawekwa, folda ikafunguka, faili likaonekana. Siyo kwa jina lake, hata hivyo. Mke wangu aliwahi kukaa koridoni akaibadilisha jina ile video, akaiita “SENDOFU ya mwisho?? hii ndiyo”. Linux haina shida na alama za kuuliza. Hata ukiandika Sendofu kwa herufi kubwa na sendofu kwa ndogo, kwake ni mafaili mawili na atakutunzia yote. Windows alama ya kuuliza haiitaki kwenye jina, wala nyota, wala nukta mbili. Samba kwa kutafuta suluhu ikampa faili jina la muda: herufi na tarakimu zisizo na maana, katikati kimstari cha wimbi. Pembeni mwake kulikuwa na vijifaili vinavyoanza na nukta, ambavyo Mac huviacha kila folda inayopita. Nikamuuliza mke wangu kama ni vyake. Akasema kompyuta yake haichafui.

Nikaburuta faili. Mstari wa kijani ukaanza kutembea. Wakati unatembea, mke wangu akaomba jambo dogo: picha za sendofu ziko kwenye laptopu yangu, azichukue huko huko alipo. Mac ikaifikia laptopu yangu vizuri, ikaomba jina na paswedi. Nikampa tarakimu nne ninazobofya kila asubuhi. Hapana. Tarakimu zile, nikaelezwa, ni za mtu aliyekaa mbele ya laptopu yenyewe. Hazisafiri kwenye mtandao. Anayetoka nje anatakiwa paswedi ya akaunti, ile ya barua pepe iliyosajiliwa siku laptopu inanunuliwa.

Tukaangalia barua pepe iliyosajiliwa. Si yangu. Ni ya fundi wa Kariakoo.

Wanaonunua vifaa Kariakoo watanielewa. Unalipa, fundi anakuambia mzee kaa hapo nikufungulie fasta, anabofya, anabofya, anakuuliza namba nne unazozipenda, anakukabidhi chombo kinachowaka. Barua pepe aliweka ya kwake kwa sababu ya kwako utaanza kuitafuta na nyuma yako kuna foleni. Kwa hiyo kwa sheria ya mtandao mwenye laptopu yangu ni kijana mmoja mwenye fulana ya mpira, ambaye namba yake sasa inapokelewa na mama mmoja Kigoma anayeuza dagaa. Nimempigia. Bei zake si mbaya.

Kijana akatengeneza akaunti ndogo ndani ya laptopu, isiyo na barua pepe ya mtu, yenye paswedi yake, akaipa ruhusa ya folda ya picha peke yake. Mke wangu akapata picha zake. Mstari wa kijani ulikuwa umeshavuka nusu. Umeme ukakatika.

Laptopu ina betri, ruta haina, na kompyuta ya mezani ilishazikwa betri yake ya akiba. Umeme uliporudi ruta ikaamka imesahau watu wote, ikaanza kugawa anwani upya kwa aliyewahi. 192.168.1.7 ikawa simu ya binti yangu. Nami, bila kujua, nilikuwa nimekaza macho naidai simu ya binti initolee sendofu. Dawa yake ipo: unaingia kwenye ruta unaifungia kompyuta anwani moja ya kudumu. Kijana akaifunga. Lakini lile faili lilianza mwanzo, na usiku ulikuwa umekwenda, na ujumbe wa shirika langu ukawa umerudi tena kwa sababu Windows ilikuwa imesahau paswedi ya Samba.

Kijana akanitazama kwa huruma. Akaenda koridoni, akafungua lile dirisha jeusi lao, akaandika mstari mmoja: python3 -m http.server. “Baba, fungua intaneti kawaida. Andika anwani mpya, halafu nukta mbili, elfu nane.”

Nikafungua. Ukurasa mweupe, majina ya mafaili yamepangwa, hayana hata rangi. Nikabofya sendofu. Ikaanza kushuka. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, naishi wapi, shirika langu linasemaje. Kilichokuwa kinafanya kazi ni mtindo uleule wa kufungulia gazeti kwenye simu, na mtindo huo kila kompyuta inaujua, ya Windows, ya Mac, ya Linux, hata runinga ukiikalia vizuri. Na hauna ulinzi wowote, ndiyo maana ukishamaliza unazima.

“Hiyo ulikuwa unaijua tangu lini?”

“Tangu mwanzo, Baba.”

“Na hukusema?”

“Ulisema unataka kushea folda. Hukusema unataka faili.”

Anasoma vizuri huyu mtoto. Ada inafanya kazi.

Jumamosi mama mkwe akafika, nikampokea mkoba, shikamoo, marahaba mkwe wangu, akakaa kwenye kochi la mbele. Video ikacheza kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, na alilia panapostahili. Ilipokwisha akafungua mkoba akatoa flashi.

“Mkwe wangu, niwekee na mimi. Nikaangalie kule kwangu.”

Flashi ya GB 32, tupu kabisa, nimeikagua. Nikaburuta faili la GB 11. Kompyuta ikajibu kwamba faili ni kubwa mno. Mama mkwe akachungulia skrini, kisha akanichungulia mimi. Flashi imepangwa kwa FAT32, mpango wa tangu 1996, ambao ukubwa wa faili unauandika kwa tarakimu chache kiasi kwamba faili moja haliwezi kufika zaidi ya GB 4, hata flashi ikiwa na nafasi ya kuegesha lori. Mpango mpya upo, exFAT, unasomwa na Windows, Mac na Linux. Subufa ya mama mkwe, yenye kioo kidogo anachoangalizia, haiusomi. Nilipiga simu kwa mjukuu anayekaa naye ajaribu na flashi nyingine, na jibu lilikuwa mlio.

Nikaikata video vipande vitatu, kila kimoja chini ya GB 4. Mkato wa kwanza ukaangukia katikati ya hotuba ya baba mkubwa, na kwa kuwa programu niliyotumia inaruka sekunde kadhaa kila inapokata, nasaha zake kuhusu mahari hazipo tena popote kwenye kile kipande. Ukoo mzima sasa unataka nakala hiyo ya flashi. Ile kamili ya koridoni hakuna anayeiulizia.